Mke wa Mpishi Hayumo Kwenye Sinema

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepungua, au bado kinakubana asubuhi? Na migomba iliyoangushwa na upepo huko Kirua, mmeiinua? Mimi mzima. Nakwenda kazini kuwaogesha wazee wa hapa Uingereza, narudi, nalala. Baridi siisikii tena kama zamani. Vitu vingi sivisikii.

Mama, ile sinema imetoka, na mimi simo.

Najua Baba ameshawatangazia watu wote wa kigango kwamba binti yake ataonekana. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Ni sinema ya kuchekesha, ya familia ya Wazungu waliolima kahawa huko kwetu kabla ya uhuru. Ilipigwa hapa hapa, ndani ya bohari kubwa: mlima umechorwa kwenye kitambaa, migomba ya plastiki. Mimi nilikuwa mke wa mpishi. Mpishi alikuwa Desmond, mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Walitaka nivae ngozi. Nikawaambia mama yangu miaka hiyo alivaa gauni, akaenda misa. Wakakubali gauni.

Siku ya mwisho tukafika mahali ambapo mpishi anaingia mezani kuomba ruhusa kwa sababu mtoto wake amefariki. Bwana shamba anawageukia wageni: "Mwezi uliopita alimzika shangazi. Ukoo wake utakwisha kabla hatujala!" Wageni wanacheka. Mimi niko mlangoni, natakiwa kupiga yowe.

Yowe halikutoka. Nilimwona Baba, vile ulivyonisimulia ukimenya ndizi: mtoto wenu wa kwanza ameshakata roho, na yeye kwa Mzungu wake anaambiwa ahudumie wageni kwanza. Alipofika nyumbani mlikuwa mmeshazika.

"Una nini?" Desmond akaninong'oneza.

Nikamwambia. Akavua aproni, akaiweka mezani. "Hii siichezi."

Mwongozaji, kijana mpole, akatuita pembeni. "Ni utani tu. Tunamcheka bwana, si mpishi."

"Mbona wanaocheka ni wageni wake?" nikasema. "Itoe."

Akafikiri, akanishika bega. "Haya. Naitoa."

Jumamosi nilikwenda kuitazama na Desmond. Kweli ameitoa. Amemtoa na mpishi, na mkewe, na jiko lote. Chakula kinafika mezani chenyewe. Watoto wa Kizungu wanakimbizana migombani, mlima uko nyuma yao, na ukumbi mzima unacheka, tena bila ubaya wowote. Mama mmoja kando yangu alifuta machozi: "Enzi zile maisha yalikuwa matamu." Desmond akainuka, akatoka. Mimi nilikaa mpaka taa zikawashwa. Sikulia, wala sikukasirika. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Mwambie Baba simo, wamepunguza watu. Habari ya mpishi usimgusie.

Nisalimie kaka na mitumba yake pale Pasua, na shangazi wa kule Mkuu. Bibi mpe shikamoo yangu karibu na sikio, asije akasema nimemsahau.

Halafu, Mama, uliponisimulia habari za yule mtoto hukutaja jina lake, na mimi sikuuliza. Aliitwa nani?

Mwanao,
Aikande