Nimeitwa Msaliti kwa Kujinasua

Madureira,
Rio de Janeiro.
Jumapili, 14 Juni 2009.

Mpendwa dada Francineide,

Hujambo wewe, na watoto je? Goti la mama linamruhusu kwenda misa? Mvua imefika huko Ceará, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kupandisha saruji ngazini. Sukari guru uliyompa Expedito aniletee ilifika. Tuliimaliza siku hiyohiyo.

Dada, nina hasira, na hapa sina wa kumwambia.

Unajua kwamba nikitoka kazini huenda kujifunza jujitsu kwa mwalimu Juarez. Ni mahali pekee katika mji huu ninapoitwa kwa jina langu. Kwingine kote ni “Paraíba, lete mchanga,” jina la jimbo wanalotubandika sote tuliotoka kaskazini-mashariki, ingawa wanajua vizuri kuwa kwetu si Paraíba. Basi juzijuzi nusura nifukuzwe hapo.

Udhaifu wangu ulikuwa mmoja: mtu akinikalia kifuani, nimekwisha. Nilikuwa namsukuma kwa nguvu zangu zote, naye anafurahi, maana mkono ulionyooka ni mkono wa kunaswa na kupindwa. Kazi yetu ilipohamia Niterói, ng'ambo ya ghuba, nikaona karibu na jengo mama mmoja, Ivonete, anafundisha mchezo huuhuu. Jumamosi moja nikaingia. Ana umri wa mama yetu, lakini aliponikalia nilikosa pumzi.

“Mwanangu, mimi si mfuko wa saruji,” akasema. “Acha kuninyanyua. Geuka ubavu, utafutie goti lako njia.”

Nikawa naenda kila Jumamosi mpaka mwili ukaelewa.

Alhamisi iliyopita alinikalia Thales, mpwa wa mwalimu. “Lala, Paraíba, pumzika,” akanicheka, yeye peke yake pale huniita hivyo. Nikageuka ubavu, nikapenyeza goti, na kabla hajakaa sawa nilikuwa juu yake. Wenzangu wakapiga makofi.

“Nani kakufundisha hiyo?” mwalimu akauliza.

Nami nikamwambia ukweli. Makofi yakakatika. Hapa, dada, mwanafunzi ni wa mwalimu mmoja, na kwenda kwa mwingine bila ruhusa ni usaliti. Nilidhani sheria hiyo ni ya wale wa mashindano, si ya mbeba saruji.

“Msaliti! Unakula kwangu, unakwenda kunawa kwa jirani?”

“Mwalimu, nilikwenda kujifunza, sikwenda kuiba.”

“Vua mkanda!”

Hivi mimi ni mbuzi, nimekatwa alama ya mtu sikioni? Nikagoma kuuvua.

Thales akadakia, “Mjomba, mkalie wewe. Asipotoka chini yako, apige magoti aombe radhi.”

“Na nikitoka?” nikauliza.

“Ukitoka, baki,” mwalimu akasema, na akanikalia palepale.

Dada, yule bwana ni mzito kama ng'ombe aliyegoma njiani. Nilihangaika mpaka macho yakaingia giza, na mikono ikaanza kusukuma ovyo kama zamani. Ndipo neno likamponyoka mdomoni, kwa mazoea ya miaka ya kufundisha: “Kiwiko ndani, Erivaldo! Kiwiko!” Nikakirudisha ubavuni, goti likapata njia, nikamnasa mguu, kisha nikachomoka.

Akasimama, akakaza mkanda, akawageukia wote: “Mmeona? Hiyo ndiyo ninayofundisha hapa!”

Hebu niambie! Nikijinasua kwa mpwa wake ni usaliti, nikijinasua kwake ni mali yake! Hakuniomba radhi, akaniambia tu nirudi kwenye mstari. Nikarudi, maana nafasi ile ni yangu, lakini sikumshukuru.

Jana nikaenda Niterói mchana kweupe, kimono changu cha mazoezi begani. Mama Ivonete alicheka mpaka akakaa chini. “Juarez? Kiwiko hicho kakipata kwangu! Alikuwa akivuka kuja huku kwa siri, mwalimu wake asijue.”

Nimekosa usingizi kwa hasira. Kesho nitaingia kwa adabu, nimwinamie kama desturi, kisha mbele ya wote nitamwambia: Mwalimu, Mama Ivonete anakusalimu sana, anauliza mbona siku hizi huvuki.

Nisalimie mama, mjomba Aderaldo na Jaciara mdogo. Mwambie asome kunizidi. Bikira Maria awafunike nyote kwa vazi lake, na mvua iwakute mmeshapanda.

Ni mimi nduguyo ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Erivaldo