Wodi Ileile, Kozi Mpya

Mama,

Usishangae nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii, lugha yetu, ningelia kabla ya mstari wa pili.

Majani chai yamechipuka vizuri hapa Ikonge. Bosibori, kitindamimba wako, siku hizi anajisuka mwenyewe. Vibaya sana, lakini anajisuka.

Chuoni, idara yetu ya Kiswahili haipo tena. Muhula ulipofunguliwa tuliambiwa imeunganishwa na kompyuta na uuguzi. Sasa tunasomea kuwatafsiria wagonjwa, na kuifundisha mashine lugha yetu ili baadaye itafsiri yenyewe. Asiyetaka ahamie chuo kingine, mbali.

Nilipomweleza Tata, mzee wako, alisema, "Ukienda, Bosibori atabaki na nani?" Kisha akaongeza: "Na mama yako nilimwahidi utakuwa mwalimu." Nikibaki nimekosa, nikienda nimekosa.

Na mazoezi, Mama, ni katika wodi ileile ulimolala siku zako za mwisho.

Unakumbuka nilivyomwambia daktari, "Baba anasema kifua kinamlemea," naye akageuka kutafuta mwanamume? Nilipokueleza kwamba jina tunalokuitia nyumbani kwa Ekegusii, Baba, kwa Kiswahili ni la mzee wako, ulicheka mpaka ukakohoa. Baada ya hapo sikukusikia ukicheka tena.

Alhamisi iliyopita nilifika mlangoni nikashindwa kuingia. Mwalimu wetu akaniambia, "Kwamboka, ingia tu. Si lazima useme kitu." Ndani alikuwepo nyanya mmoja kutoka Nyaramba, na nesi asiyejua lugha yetu, ameshika simu ya kutafsiri. Simu ikatoa maneno ya Ekegusii yaliyovurugika. Nyanya akageukia ukuta.

Nilitaka kutoka. Sijui kwa nini nilimsalimu. Akanishika mkono wa sweta, akaanza kueleza, nami nikamwambia nesi. Nilipomaliza hakuniachilia.

Jioni nilimwambia Tata nimebaki kwenye kozi hiyo. Tangu hapo akitaka chai anamtuma Bosibori aniambie, na tumekaa jiko moja. Siipendi kozi hii, Mama. Lakini sina pengine pa kwenda bila kumwacha Bosibori.

Lala salama, Baba wangu. Ualimu sikuahidi; hiyo ilikuwa ahadi ya Tata. Yangu ni hii: Alhamisi nitaingia tena, na mgonjwa wa kwetu akianza kusema, nitamngoja amalize.

Binti yako,
Kwamboka