Neno Ulilokataa Kulifuta

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu nyumba yetu ya Karak ikose mtu wa kuuliza mezani, "Nani hajasema?"

Wengi walikujua kama Spika Sayel, mwenye nyundo mkononi na sauti isiyopanda. Sisi tulikujua siku za Ijumaa, sinia la mansaf, wali wetu wa nyama ya kondoo, likiwa katikati na kila mtu akitaka kusema kwa wakati mmoja. Uligonga meza kwa kifundo cha kidole. Laith alipewa dakika zake, Sahar zake, kisha ukamgeukia Rim, kitinda mimba wako, ambaye aibu ilimfunga mdomo. Ulimngoja. Wali ulipoa, nasi tukangoja pamoja nawe.

"Rim hajapitwa," ulisema. "Anapanga maneno."

Tukikuuliza kwa nini mkubwa wa Bunge ndiye anayesema machache kuliko wote, ulijibu, "Wasemaji wako tele. Akikosekana msikilizaji hata mmoja, hilo si Bunge, ni gulio."

Ulikuwa na mambo yako pia. Ulivuta sigara bafuni ukidhani Mama hajui. Hukusifu chakula mpaka sahani iwe tupu. Na ukishakataa jambo, ulikuwa mgumu kuliko kokwa ya zeituni.

Tunaikumbuka wiki ya barabara. Mheshimiwa Haifa alisimama bungeni akasema kwamba barabara mpya ya kijijini kwetu imepindishwa, ikaiacha shule ng'ambo ya bonde, ili ipite mlangoni kwa Dhirar, mdogo wake Spika. Wabunge waligonga meza, wengine wakataka akae chini. Wewe ulimwuliza tu, "Mheshimiwa, una ushahidi?"

"Ninayo ramani."

"Iweke mezani, kisha uendelee."

Kesho yake alasiri, Ami Dhirar alikuja. Mama alimmiminia kahawa, naye akakitua kikombe bila kukionja. Kwetu, mgeni akifanya hivyo ana ombi, na mwenyeji muungwana hulikubali kabla kahawa haijapoa. Ulijua anataka nini, na ulijua utapoteza nini. Ami ndiye aliyekukusanyia kura za ukoo miaka yote, na uchaguzi ulikuwa karibu.

"Kunywa, Dhirar."

"Sinywi, Baba Laith. Futa lile neno kwenye kumbukumbu za Bunge, ndipo ninywe."

"Neno si langu. Lina mwenyewe."

"Nyundo ni yako."

"Ni ya kunyamazisha matusi. Yule mbunge hakutukana. Alileta ramani."

"Kwa hiyo wajukuu wangu waje wasome kwamba babu yao alipindisha barabara? Mimi ni mdogo wako au ni mpita njia?"

"Ungekuwa mpita njia, pengine ningelifikiria." Ukakitua na kikombe chako chini. "Basi na mimi sinywi mpaka uondoe ombi lako."

Mama alisimama na birika mlangoni. "Kahawa nimeichemsha tangu mchana, na wanywaji wote wamegoma. Nimpe nani sasa, mbuzi?"

Hakuna aliyecheka. Ami aliondoka, na vikombe viwili vikabaki vimejaa.

Barabara ilinyooshwa mwaka uliofuata, ikapita shuleni. Wewe ulishindwa uchaguzi kwa kura arobaini na moja. Hatukukusikia ukimlaumu mtu. Lakini miaka sita ndugu wawili mliotenganishwa na ukuta mmoja wa mikomamanga mlisalimiana kwa kumtuma Shangazi Fidda, na tulikuona ukisimama ukutani pale, ukijifanya unakagua matunda. Ulipougua hakuja. Siku ya mazishi alishika jeneza upande wa mbele, hakumpisha mtu.

Juzi tulikaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu yako. Rim alikuwa na kalamu. Tulikuwa tumeandika sigara, na Ijumaa, na kokwa ya zeituni. Ami Dhirar akabisha hodi, akaketi, akaomba asomewe.

"Mbona hamna barabara?" akauliza.

"Ami, si lazima," Laith akasema. "Tangazo litasomwa na watu wote. Tumeona tuyaache hayo."

Ami aliikazia macho karatasi. Rim hakumharakisha.

"Yaandikeni," akasema hatimaye. "Na jina langu. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti ningelifuta lile neno, na watoto wa shule wangekuwa wanazunguka bonde mpaka leo. Baba yenu alikuwa mkubwa wangu kweli, na sikumwambia hivyo."

Ndiyo maana tumeyaandika, Baba.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Laith. Wanao Laith, Sahar na Rim. Wakwe na wajukuu zako. Dada yako Fidda. Na mdogo wako Dhirar, ambaye ameomba aandikwe wa mwisho.

Siku zote tutakukumbuka.