Malkia Aliyekwanguliwa Jina

Lewisville, Texas
14 Septemba 2024

Mama Apolonia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu. Sisi ni wazima, ila joto la huku halijataka kuondoka.

Tangu mazishi ya Baba ni miaka minne, na leo nakuja na shida. Anwani yako nimepewa na Watanzania wa parokia yenu. Mwanangu Ndeshi, sasa ana miaka kumi na mmoja, ameambiwa shuleni asimulie maisha ya mtawala wa kale. Amemchagua Hatshepsut wa Misri. Nikakumbuka ulikuwa ukifundisha historia Moshi, na ulinisimulia habari zake nikiwa mdogo. Nimesahau yote isipokuwa ndevu. Ukiweza, mwandikie kidogo.

Wako,
Elibariki

Sugar Land, Texas
25 Septemba 2024

Mwanangu Elibariki,

Marahaba. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha, niliketi kwanza ndipo nikafungua. Mimi nipo. Miguu inavimba, lakini Belyse, Mrundi ninayekaa naye, ananitunza.

Mwambie Ndeshi hivi. Hatshepsut alikuwa binti wa mfalme, akaolewa na ndugu yake wa baba, ndiyo desturi ya nyumba ile. Mumewe akafa mapema, akaacha mrithi mdogo aliyezaliwa na mke mwingine, jina lake Thutmose. Malkia akashika nchi kwa niaba ya mtoto huyo wa kambo. Miaka michache baadaye akavaa taji mwenyewe, na wachongaji wakamchonga na ndevu za kifalme, maana taji lilizoea wanaume. Lakini malkia hakumuua yule mtoto wala hakumfukuza. Alimwacha akue, hata akampa jeshi aliongoze.

Alitawala kama miaka ishirini. Alipeleka merikebu nchi ya Punti, zikarudi na miti ya manemane, mizizi yake ikiwa vikapuni. Alijenga hekalu chini ya jabali, akasimamisha minara ya jiwe moja moja.

Alipokufa, Thutmose akatawala peke yake, akawa mpiganaji mkubwa. Halafu, baada ya miaka kama ishirini, sura na majina ya mama yake wa kambo yakaanza kukwanguliwa kutani. Kwa nini Thutmose alingoja vile, wataalamu bado wanabishana. Malkia akasahauliwa maelfu ya miaka. Ila mafundi hawakufuta kila kitu. Sisi kwa Kiswahili tunasema "yeye" kwa mume na kwa mke, Kimisri kilitofautisha. Wasomi wakakuta picha ya mfalme mwenye ndevu, na maandishi ya pembeni yanamtaja kwa maneno ya kike. Hapo wakaanza kumtafuta.

Nibusie mjukuu wangu.

Mama yako,
Apolonia

Lewisville
3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo, na pole na miguu. Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, Ndeshi akiandika. Nilipofika kwenye kukwanguliwa akanikatiza: "Baba, kwani si ndiye aliyemlea?" Nikamwambia ndiye. Kisha nikatoka, nikakaa garini.

Jiwe la kaburi la Baba niliagiza mimi. Fundi aliuliza jina la mke, nikampa la mama yangu mzazi peke yake. Uliishi na Baba miaka thelathini na mmoja, ukamwogesha alipopooza. Siku liliposimikwa ulisimama mbele ya jiwe, ukalisoma, ukaniuliza kama nimekula. Niliona kwamba ukiandikwa wewe, mama atakuwa amekufa mara ya pili. Sasa nimempigia fundi aongeze jina lako. Nisamehe.

Elibariki

Sugar Land
12 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua, nimeielewa. Mpigie fundi umwambie aache. Mama yako asisogezwe. Jiwe halikuniumiza. Niliumia ulipoondoka makaburini bila kuniaga, na nilipokupigia simu mwezi mzima hukupokea. Nilipohamia hapa kwa mdogo wangu, Mungu amrehemu, nilijiambia: kutoka Sugar Land hadi Lewisville hazifiki saa tano kwa gari, ipo siku atapita.

Sikutaka kukutisha, lakini figo zangu zimechoka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nasafishwa damu. Ndeshi nilimwona mara moja tu, akiwa wa kubebwa mgongoni. Njooni Jumapili yoyote. Namba yangu iko chini.

Mama yako,
Apolonia

Lewisville
8 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa ugonjwa. Nilipiga simu, Belyse akasema umelala, nikamwambia asikuamshe. Ghala la Irving ninakofanya kazi halitoi ruhusa hadi mizigo ya Noeli iishe. Nimepewa Jumapili ya tarehe 12 Januari. Nita-drive alfajiri, saa sita mchana tupo kwako. Ndeshi alifanya vizuri darasani, na sasa anajifunza kukusomea kwa Kiswahili. Utuvumilie kidogo.

Mwanao,
Elibariki

Sugar Land
10 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali. Belyse alinipigia Jumanne kwamba moyo wako ulisimama ukiwa kwenye kiti cha kusafishia damu. Kazini niliaga kwa simu tu, tukafika Jumatano. Siku nne kabla ya ahadi.

Misa ni kesho saa nne, na padri anataka wasifu wa marehemu. Nimekaa mezani kwako tangu asubuhi. Nimeandika jina lako. Mstari unaofuata ni mahali ulipozaliwa, nami sijui. Mdogo wako hayupo, Belyse hajui, hati zako zinasema Tanzania tu. Ndeshi anamjua baba wa malkia, miaka aliyotawala, na miti yake ilikotoka. Ameniuliza bibi yake alisoma shule gani, na wazazi wake waliitwaje. Nimekula mkononi mwako utoto wangu wote, sikuwahi kukuuliza hata moja.

Nimeandika ninachokijua: "Alimlea mtoto asiye wake." Kisha nimefuta maneno mawili ya mwisho. Ukurasa uliobaki ni mweupe.

Mwanao,
Elibariki