Inhela kwa Jina la Aline

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Chai bila sukari, imeisha. Aline ametoka kukimbia kabla sijaamka. Viatu vyake vimejaa matope ya kando ya mto, ameviacha katikati ya mlango kama kawaida. Nimevisukuma kwa mguu. Basi limechelewa. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, walikuwa wameshakaa mezani wakinisubiri niwape vidonge vyao.

Kwenye friji kuna kalenda ya Aline. Tarehe zimezungushiwa wino mwekundu. Anataka jeshi limlipie chuo kikuu, miaka mitatu, halafu akasomee uafisa. Mwalimu wake amemwambia kuomba kuna wakati wake: ukiomba sasa, kabla ya kuingia chuo, wanakubeba tangu mwaka wa kwanza. Ukiombea ndani ya chuo unapata makombo. Basi ameomba sasa. Fomu imeondoka wiki mbili zilizopita.

Ana miaka kumi na saba, kwa hiyo ilitaka sahihi ya mzazi, yaani yangu mimi mama yake. Nilikaa nayo chini ya Biblia siku kumi na moja. Nilisaini siku ya mwisho kabisa, nikiwa nimevaa koti tayari kwa kazi. Nilidhani atachoka kuniomba. Hakuchoka.

Baba yake alichukuliwa na watu wenye sare, mchana kweupe, kwenye barabara ya Uvira, kule kwetu. Leo mimi niko hapa Thamesmead, kwa Waingereza, nafua soksi zake za kijani za kadeti, jeshi la wanafunzi. Sipendi. Naandika humu kwa sababu yeye nimeshamwambia mara mia.

Jumamosi, 9 Oktoba

Peckham. Mvua. Nimempelekea Mama Solange mzigo wa Koko, yaani mama yangu. Shemeji yake anasafiri Alhamisi, atafika mpaka Uvira. Nimeweka sabuni, soksi nzito, miwani, na inhela mbili za bluu, ile dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni.

Inhela nilizichukua jana famasi. Karatasi ya kuombea dawa inatoka yenyewe kliniki kila miezi miwili kwa jina la Aline. Natia alama kwenye kisanduku, nasaini nyuma kwamba ni mwanafunzi, napewa bure. Aline alikuwa na pumu kweli, tulipofika hapa, ukuta wa chumba ulipokuwa ukitoka maji. Alipotimiza miaka kumi na miwili ikamwacha. Karatasi haikumwacha. Na Koko ana pumu, anakaa katikati ya moshi wa mkaa na ndagala, dagaa wa kwetu, na dawa za kule sokoni nyingine ni hewa tupu. Ningefanya nini? Nizirudishe?

Nimekula muhogo kwa Mama Solange. Nimecheka sana. Siku nzuri.

Jumatano, 20 Oktoba

Barua ya jeshi imefika. Aline ameifungua amesimama, bado na begi mgongoni. Akakaa chini sakafuni.

Wanasema kumbukumbu za daktari zinaonyesha amepewa dawa ya pumu mpaka mwezi wa nane mwaka huu. Anayetaka jeshi lazima amalize miaka minne bila dawa. Kwenye fomu yeye aliandika alimaliza akiwa na miaka kumi na miwili. Wanauliza alisahau au alificha. Kama daktari wake hana maelezo mengine, watafunga faili tarehe 12 Novemba. Arudi baada ya miaka minne.

Baada ya miaka minne atakuwa ameshamaliza chuo. Hakuna ufadhili wa chuo kwa aliyemaliza chuo.

Amesema ni kompyuta ya kliniki, wamemchanganya na mtu mwingine. Nimesema ndiyo, hawa watu wanachanganya sana. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Ukweli wote, kwa kuwa hakuna anayesoma: kwa muda wa kama saa moja nilifurahi. Nilimenya viazi na nilikuwa na furaha. Hatavaa sare. Sikulazimika hata kumkataza. Kisha nikamsikia bafuni amefungua maji ili nisimsikie analia.

Alhamisi, 21 Oktoba

Nimeunguza wali. Mimi, kwa umri huu.

Jumapili, 24 Oktoba

Kanisani peke yangu. Aline amekataa, amekwenda kukimbia kwenye mvua. Anakimbia kama anayetaka kumwonyesha mtu jambo.

Nimepiga simu Uvira kwa kadi. Koko yuko vizuri, mzigo umefika. Akaniuliza kifua cha Aline kinaendeleaje. Nikasema kizima. Akasema kila akivuta ile dawa anamwombea Aline, maana jina lake limeandikwa pale pembeni. Akaongeza kwamba shemeji ya Mama Solange akirudi atamletea Aline kifurushi. Nikadhani ndagala. Kadi ikaisha.

Nilitaka kumwambia Aline leo. Alipoingia alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Nikampa taulo. Sikumwambia. Mwoga.

Jumanne, 26 Oktoba

Ameenda kliniki mwenyewe. Wamemchapia orodha: tarehe, dawa, tarehe, dawa, miaka mitano. Famasi wamemwambia mama yako ndiye huchukua.

Ameiweka mezani mbele ya sahani yangu.

“Mum, why?”

Nikamwambia. Zilikuwa za Koko. Sikujua jeshi litaangalia. Akanitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha. Akajibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba nilikaa na fomu siku kumi na moja, kwamba nimekuwa nikisema mtoto wangu hatavaa nguo zile nikiwa hai, na sasa ghafla kuna dawa kwa jina lake na ghafla ni za Koko. Kwamba nisimwingize Koko kwenye uwongo wangu.

Sikuwa na risiti ya kumwonyesha. Nani huweka risiti ya kumsaidia mama yake?

Kibaya zaidi: kama ningekuwa yeye, nami nisingeamini.

Ijumaa, 29 Oktoba

Hajanisalimia tangu Jumanne. Anakula chumbani. Sahani anaziosha, anazipanga vizuri, kama mpangaji.

Kazini leo niligawa dawa. Mimi ndiye mwenye funguo za kabati la dawa. Nilizipata baada ya miaka minne na kozi mbili, nilizililia. Kila kidonge nasaini. Nikajiona nasaini. Mkono uleule, kalamu ileile.

Nikienda kwa daktari na kusema ni mimi, ataandika. Likiandikwa, nani kazini kwangu atalisoma? Mtu anayesema uwongo kwenye karatasi ya dawa, unampa funguo za dawa? Mimi nisingempa.

Na nisiposema? Nabaki na funguo zangu, na mtoto anabaki hapa, bila sare, hai. Kila ninachokitaka. Nilipofikiria hivyo nilijichukia mpaka nikaketi kwenye ngazi za nyuma.

Jumatano, 3 Novemba

Nimekuta ameandika tarehe kwenye kalenda: “10, daktari”. Hiyo ndiyo nafasi pekee waliyompa. Jumatano. Faili linafungwa Ijumaa. Siku mbili. Barua ya posta inaweza isifike. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea na bado ni siku mbili.

Yeye ataenda kusema nini? Atasema sivuti dawa. Daktari ataangalia orodha na ataona inavutwa. Neno lake peke yake halitoshi. Linatakiwa la mtu mwingine.

Simtaki jeshini. Naandika tena nione kama limebadilika. Simtaki jeshini. Halijabadilika. Lakini wanamwita mwongo, na mwongo ni mimi.

Jumanne, 9 Novemba

Nimebadilishana zamu ya kesho na mwenzangu. Hakuuliza kwa nini. Nimepiga pasi blauzi nyeupe. Nimeipiga mara mbili.

Jumatano, 10 Novemba

Nilifika kliniki kabla yake. Aliponiona akasimama mlangoni, nikadhani atageuka arudi. Walipoita jina lake nikainuka naye. Hakunizuia.

Daktari wetu ni Mhindi wa Kisumu, mtu mzima, Kiswahili anacho. Siku nyingine naanza na Kiingereza changu kibovu nikitaka kukwepa jambo. Leo nikasalimia kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha.

Alimpulizisha Aline kwenye lile bomba la kupima kifua. Mara tatu. Akasema kifua kama hiki hakina haja ya dawa yoyote. Akageukia kompyuta, akaipandisha ile orodha, akanitazama mimi.

“Mama Aline, hizi inhela zote zilikuwa zinaenda wapi?”

“Kwa mama yangu, Daktari. Iko na pumu. Uvira.”

“Na ni wewe ulikuwa unasaini?”

“Ni miye. Mutoto hakujua kitu.”

Akavua miwani. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akasema dawa ya mtu ni ya mtu, na kwamba mtoto angeugua kweli, daktari mwingine angesoma orodha ya uwongo na kumtibu kwa uwongo. Hilo sikuwahi kulifikiria. Akasema ataandika barua, lakini hawezi kuandika nusu: ataandika pia kwamba mama amekiri. Nikasema aandike. Akabonyeza kitu, akasema karatasi haitatoka tena. Kwa Koko niulizie hospitali ya misheni, wana daktari wa kifua, ampime kwanza.

Aline alikuwa anaangalia viatu vyake muda wote. Nje akatembea mbele yangu hatua kumi. Kwenye basi akakaa juu, mimi chini.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimemwambia meneja kabla hajaambiwa na mwingine. Alisikiliza. Akasema pole, kisha akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Mpaka watakapoamua nitakuwa chumba cha kufulia.

Mfuko wa aproni umekuwa mwepesi. Mara tatu nimepapasa.

Barua ya daktari bado. Nimepita kliniki baada ya kazi, wanasema inachapwa. Inachapwa! Kesho ndiyo siku yenyewe.

Ijumaa, 12 Novemba

Sikwenda kazini. Nilikuwa mlangoni pa kliniki walipofungua. Barua iko tayari lakini inasubiri sahihi. Daktari yuko na mgonjwa. Daktari yuko na mgonjwa mwingine. Saa nne. Saa tano. Yule binti wa mapokezi akaanza kunikwepa kwa macho. Nilimwambia sitoki. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema kila robo saa.

Saa sita kasoro ikasainiwa. Faksi ya kwenda jeshini ikakataa mara ya kwanza. Nikaomba kwa sauti, Kiswahili, mbele ya watu wote. Mara ya pili ikapita. Nimeomba kile kikaratasi kinachoonyesha imefika, nimekibandika kwenye friji juu ya wino mwekundu wa tarehe 12.

Aline amerudi kutoka shule, amekisoma. Na leo amekula mezani.

Alhamisi, 25 Novemba

Faili halikufungwa. Mwezi wa kwanza ataitwa kwenye usaili wao wa siku tatu, na daktari wao atampima mwenyewe. Maelezo ya kliniki wameyapokea.

Ameisoma barua kwa sauti, akiwa ameelekea friji, siyo mimi. Nikasema hongera. Akasema thank you. Kama unavyomshukuru dereva wa basi.

Nilikwenda kufua soksi za kijani ambazo hazikuwa chafu.

Jumapili, 5 Desemba

Baridi, jua kidogo. Baada ya ibada Mama Solange amenipa kifurushi kutoka Uvira. Kitambaa cha kitenge, fundo gumu, chepesi kuliko ndagala. Jina la Aline juu yake, mwandiko wa kasisi.

Nikamwachia mezani, nikaenda kuosha vyombo. Alifungua kwa meno.

Inhela. Tupu. Zote nilizowahi kutuma, miaka mitano, isipokuwa zile mbili za mwezi wa kumi. Koko hakutupa hata moja. Kule chupa tupu hurudishwa dukani ukajaziwa, naye alidhani hizi ni hivyohivyo. Kulikuwa na ujumbe, nikamtafsiria Aline pale palipokuwa na maneno ya kwetu: mjukuu wangu, aksanti kwa pumzi yako, nakurudishia vyombo, wavijaze.

Famasi yetu hubandika karatasi kwenye inhela yenyewe. Jina lake kwenye kila moja. Tarehe kwenye kila moja. Nyingine jina limefutika upande mmoja, pale anapokaa kidole gumba mtu anapovuta.

Aline alizipanga mezani kwa tarehe, ya kwanza mpaka ya mwisho. Akaenda chumbani akarudi na ile orodha ya kliniki, akaiweka pembeni. Alipitia moja moja kwa kidole. Mimi nilisimama na sahani moja mkononi, nikiifuta, imeshakauka.

Alipofika mwisho aliikunja orodha. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kukwaruza ambacho sijakisikia tangu alipokuwa mdogo:

“Nani atamuambia Koko hazijazwi tena?”

Nikasema mimi, ni kazi yangu.

“Hapana. Mi nitamuambia.”

Akavuta kiti kando ya simu, akakaa. Nikampa kadi, nikamsomea namba.