Tembe la Mama Tumelibomoa

Ihumwa, Dodoma
9 Desemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gerson,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Hujambo huko Kigamboni? Wifi Angelina na watoto hawajambo? Sisi ni wazima. Mama kikohozi kimempungua, na ubishi wake uko pale pale. Mvua zimeanza. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu unasema uko studio, halafu unakata.

Wimbo wako tumeusikia. Nani hajausikia! Juzi nilikwenda soko la Majengo kununua mtama, nikakuta bodaboda wanaupiga, wauza nafaka wanaupiga, na mama mmoja analia kabisa juu ya gunia lake la karanga. "Nirudishieni tembe la mama, raha ya zamani iko wapi." Sauti unayo, hilo sikunyimi. Hata mimi nilisimama mpaka ukaisha, machozi yakinilengalenga, kisha nikajikasirikia njia nzima.

Raha ipi, Gerson? Mama alikuwa anafukua mchanga wa korongo kutafuta maji, akirudi jua limeshachoma. Mwaka wa njaa tulichemsha majani bila chumvi tukaita chakula. Wewe ulikuwa kitinda mimba, umefungwa mgongoni kwa kanga. Aliyebebwa hawezi kujua njia ilikuwa na miiba.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Eti tembe lisiguswe mpaka watu wako wa kamera waje baada ya mvua! Hivi umesahau paa la tembe linavyotunzwa? Kila mwaka kabla ya mvua linapandishiwa udongo mpya, na hiyo ni kazi ya watoto wa kiume. Wewe ulipanda pale mara ya mwisho ukiwa hujaoa. Baba mdogo Mazengo alijaribu peke yake mpaka mgongo ukamshinda.

Udongo wa zamani ulishapasuka na nguzo zimeliwa na mchwa. Mvua ya kwanza tu, kipande cha paa kikaangukia kitanda cha mama. Bahati yetu alikuwa nje anasonga ugali. Na chumba cha bati nilichomjengea hapo hapo uani kilikuwa kitupu, kwa sababu wewe ulimwambia asubiri video. Ulitaka nikupigie simu ya msiba ndiyo uje na hizo kamera?

Basi tumelibomoa, Jumamosi, mimi na majirani. Sikukuuliza na sikuombi radhi. Ukitaka kuwaambia watu redioni kwamba dada yako ameharibu urithi, waambie, na jina langu walitaje vizuri: Penina.

Nilidhani mama atalia. Wapi! Alininyang'anya jembe akaupiga ukuta mwenyewe, huku anaimba. Wanawake wenzake wakakimbilia ngoma zao za muheme, wakazibana mapajani, vumbi likatimka. Wimbo kautunga papo hapo, kwa Kigogo chake kile kizito. Aliitaja njaa, akawataja ndugu zetu wawili waliofia mle ndani kabla wewe hujazaliwa. Hakuomba arudishiwe kitu. Sasa analala kwenye chumba chake, na mvua ikinyesha anakoroma.

Hizo kamera zako zilete, watu wa kuimba wapo. Ila kifusi hatukipangi upya.

Baba mdogo Mazengo anakusalimu, na mwanangu Denis anasema umletee fulana yenye picha yako. Msalimie sana wifi.

Salamu za mama ni ubeti wa mwisho wa wimbo wake, na wanawake wa hapa wameshaushika wote, wanauimba wakienda kisimani. Unakutaja kwa jina. Unasema: Gerson mwanangu, mimi ningali hai, mbona unaniimba kama marehemu?

Mungu akulinde barabarani utakapokuja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekuogopa,
Penina