Neno Alilolikisia Hamadi

Jumapili, mchana. Jua linawaka kana kwamba mvua imeapa kutokuja mwaka huu, na vumbi limeingia hadi kwenye shuka. Ninaandika kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

Jana, darasani kwangu, mtu nusura auawe.

Mnaonisoma mnajua kwamba nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Ipuli, kila Jumamosi baada ya alasiri, kwenye chumba cha nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kundi la jana ni la kati. Wameshavuka salamu na kujitambulisha, sasa wanataka maneno ya kila siku: ya sokoni, ya hospitalini, ya kueleza mtu yukoje. Ni hatua ninayoipenda kuliko zote, maana hapo ndipo mtu anapoanza kuthubutu. Neno asilolijua analikisia kwa lile analolijua.

Hamadi ndiye bingwa wa kukisia. Ni fundi seremala, mzaliwa wa mjini hapa kama baba yake na babu yake, na anasoma ili aelewane na wageni wanaokuja kutazama milango ya zamani ya nakshi. Masanja ni mwenye bucha, mtu wa Nzega, mkimya, mwenye mabega mapana. Anasoma ili aelewe maandishi ya kwenye dawa za mifugo. Wawili hawa wanaitana mtani. Hamadi humwambia mwenzake ananuka zizi. Masanja humjibu kwamba watu wa mjini hushiba kivuli. Wametukanana hivyo kwa Kiswahili tangu wajuane, na sijawahi kumwona mmoja wao akinuna.

Jana zoezi lilikuwa kumweleza mwenzako kwa Kiingereza. Hamadi akasimama, mfuko wa vifaa ukiwa miguuni kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja. Akamnyooshea Masanja kidole, uso mzima tabasamu.

"My friend Masanja," akasema, "is a very big coward."

Kosa nililiona palepale. "Cow" ni ng'ombe, basi akili yake ilimwambia "coward" ni mtu wa ng'ombe, mfugaji. Neno lenyewe maana yake ni mwoga. Nililifundisha Jumamosi iliyopita, na Hamadi hakuwepo, alikuwa msibani.

Nikacheka.

Nilicheka kabla ya kusahihisha, tena kwa sauti, na darasa zima likacheka nami. Masanja, ambaye somo lile alilisikia, hakumtazama Hamadi. Alinitazama mimi. Kisha akainuka na kuinyanyua stuli aliyokuwa ameikalia.

Pigo la kwanza lilimpata Hamadi shavuni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akaanguka juu ya benchi, Masanja akamfuata palepale chini, akampiga ngumi ya jicho, ya mdomo, ya jicho tena. Damu iliruka hadi ubaoni. Watu wakakimbilia mlangoni, wakasukumana, wakakwama. Aliyebaki ni Mama Chausiku tu, muuza chakula wa stesheni. Alimkaba Masanja shingo kwa nyuma, akatupwa ukutani kama furushi la nguo.

Kisha mkono wa Masanja ukaingia kwenye mfuko wa vifaa, ukatoka na nyundo.

Sikufikiri. Niliinua mkono juu ya kichwa cha Hamadi, na nyundo ikatua kwenye kifundo cha mkono. Macho yakaingia giza. Nilipiga ukelele ambao mwenye duka anasema ulisikika hadi barabarani.

Nyundo ilipoinuliwa tena, Hamadi akaufumbua mdomo uliojaa damu.

"Ng'ombe, mtani! Nimesema wewe mtu wa ng'ombe! Tajiri wa ng'ombe!"

"Hajui, Masanja!" nikalia. "Siku ile hakuwepo! Amedhani ni mfugaji!"

Nyundo ikabaki juu. Masanja akamtazama Hamadi kwa muda, kama mtu anayejaribu kumkumbuka. Akaiweka chini taratibu. Akapiga magoti, akambeba mikononi, akatoka naye mbio hadi kwenye bajaji, akilia, "Mtani wangu, mtani wangu." Mimi na Mama Chausiku tukawafuata kwa bodaboda.

Masanja hakutoroka. Tulikaa benchi moja hospitalini tukisubiri, damu ya Hamadi ikimkaukia kifuani.

"Nilidhani mmeambiwa habari za kaka yangu," akasema. "Tulikuwa tunatoka mnadani, majambazi wakatuvamia na mapanga. Madam, kaka akaniita. Aliniita kwa jina la utotoni. Mimi nikakimbia, nikamwacha. Nyumbani wote wanajua, ila hakuna anayetamka. Leo mlipocheka, nilimsikia anaita."

Askari walipofika, akasimama na kuwanyooshea mikono mwenyewe.

Taya la Hamadi limevunjika. Meno ya mbele hayapo. Kuhusu jicho la kushoto, daktari hasemi kitu mpaka uvimbe upungue. Fundi wa nakshi anayechonga maua madogo kuliko ukucha! Niliogopa kuuliza zaidi.

Leo asubuhi nilikwenda wodini. Mkewe, Bi Saada, alikuwa anamnywesha uji kwa mrija. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama.

"Mume wangu alisema nini hata apigwe hivi?"

Nikamweleza. Ng'ombe, mfugaji, mwoga. Akasikiliza hadi mwisho, akafuta uji uliochuruzika kidevuni kwa Hamadi.

"Na wewe mwalimu, alipokosea, ulifanya nini?"

"Nilichelewa kumsahihisha."

Si uongo. Lakini kweli yenyewe siyo hiyo.

Mwenye duka amenitumia ujumbe kwamba anakitaka chumba chake. Simlaumu. Tangu nirudi nyumbani nawaza jambo moja tu. Siku zote huwaambia wanafunzi wasiogope kukosea. Sijawahi kuwaambia wasimcheke anayekosea, kwa sababu mimi ndiye huwa wa kwanza kucheka. Nilidhani kicheko changu kinachangamsha darasa. Huenda kwa wengine kilichangamsha. Masanja kilimrudisha njiani, kwenye mapanga.

Wala simtetei. Nimeuona uso wa Hamadi.

Kesho natakiwa kituoni kuandikisha maelezo. Kabla ya hapo nitapita wodini, nisimame mbele ya Bi Saada, nimwambie kwamba mumewe alipokosea, nilicheka. Akitaka kunipiga, mkono mmoja mzima bado ninao wa kujikinga.

Sidhani kama nitauinua.